Mbwa wa sinema: tuangalie watu walio kando yake



Mabishano juu ya mbwa mavedeti wa sinema hayaishi kati yetu. Wamoja wanasema Rin Tin Tin ndiye mkubwa wa wote, wengine wanasema Lassie, na wadogo wa madarasa ya chini hawataki kusikia jina lingine ila Toto. Kila mmoja anahesabu: mbwa wake aliruka ukuta gani, alivuka mto gani, alimkamata mwizi namna gani. Sisi tunaona hesabu hiyo ni kazi ya bure. Mbwa hajui kama anacheza filme. Anafanya ile aliyofundishwa, anapewa kipande cha nyama, basi. Ukitaka kujua kama filme ya mbwa ni nzuri, mwache mbwa kwanza. Tazama watu walio kando yake: filme inasema nini juu yao, na inawatendea namna gani?

Tuanzie mbali. Mwaka 1905, huko Uingereza, kampuni ya Cecil Hepworth ilitoa filme fupi, haifiki dakika 7, jina lake Rescued by Rover. Mbwa mwenyewe aliitwa Blair, alikuwa wa nyumbani kwao. Hepworth alicheza baba, bibi yake akacheza mama, na mtoto wao mchanga akawa yule mtoto anayeibwa. Watu waliipenda sana hata negatifu ikachakaa, ikabidi kuipiga upya mara mbili. Vizuri. Lakini nani anaiba mtoto? Mwanamke maskini, mwenye kuomba-omba njiani. Mbwa anavuka mto, anaingia mtaa wa maskini, anasukuma mlango huu na huu mpaka anamkuta mtoto. Wazazi wanafurahi. Yule mama maskini anabaki na chupa yake na nguo za mtoto. Ametoka wapi, amekosa nini, hakuna anayeuliza. Mbwa wa tajiri ana jina, yeye hana.

Rin Tin Tin je? Wapenzi wake wasikasirike. Historia yake ya kweli inapita filme zake zote. Tarehe 15 Septemba 1918, vita kuu ya kwanza ikiwa karibu kuisha, askari Mmarekani Lee Duncan alifika Flirey, katika Lorraine ya Ufaransa, akakuta nyumba ya mbwa wa jeshi la Wajerumani imebomolewa kwa mabomu. Ndani alimkuta mama mbwa na watoto wake wachanga. Duncan mwenyewe aliwahi kuwekwa katika nyumba ya yatima akiwa mtoto, kwa hiyo tunaelewa kwa nini hakupita tu. Alijiwekea wawili, akawaita Rintintin na Nénette, majina ya vidoli vya nyuzi ambavyo Wafaransa walikuwa wanawapa askari kusudi wapate bahati. Nénette alikufa upesi kule Marekani. Ndugu yake aliletea Warner Bros. pesa mingi, akafa mwaka 1932, na kaburi lake liko Asnières, karibu na Paris. Lakini katika filme zake watu wanakuwa kama vyombo vya nyumbani: wako pale kusudi mbwa awaokoe. Ukitoka, unakumbuka meno na mbio tu.

Sasa Toto, wa The Wizard of Oz, filme ya mwaka 1939. Hapa shida haiko ndani ya filme, iko mahali pa kulipia. Mbwa huyo, kwa jina la kweli Terry, alilipiwa dola 125 kwa juma, na hapana shaka pesa hiyo iliingia mfukoni mwa mwenyewe. Wale watu wenye kimo kifupi waliocheza wakaaji wa nchi ya Munchkin, zaidi ya 100, walipata kama dola 50 kila mmoja. Walijua kuimba, walijua kucheza, walivaa mavazi mazito chini ya taa kali. Sisi hatumchukii mbwa. Yeye hakuandika mkataba. Lakini mkono fulani uliandika zile namba mbili, na haukutetemeka.

Kwa hiyo tunampa Lassie nafasi ya kwanza, na si juu ya ujuzi wake. (Kwa wale wanaopenda mambo madogo: Lassie wa filme ni jike, lakini Pal aliyemcheza alikuwa dume. Tena Pal alikuwa na tabia ya kufukuza pikipiki, mwenye mbwa akachoka, akamwachia mfundishaji Rudd Weatherwax kwa deni la dola 10.) Filme Lassie Come Home ilitoka mwaka 1943, kutoka kitabu cha Eric Knight, mzaliwa wa Yorkshire aliyefanya kazi viwandani tangu utoto. Yeye hakuiona sinemani: alikufa katika ajali ya ndege mwezi wa kwanza wa mwaka ule ule.

Juu ya nini tunaipenda? Juu baba hana kazi. Nyumbani hakuna pesa, na kitu cha bei kilichobaki ni mbwa wa mtoto. Wanamuuza kwa mtawala tajiri. Mbwa anatoroka, anarudi mlangoni pa shule kumngoja Joe kama kila siku. Na baba anafanya nini? Anamrudisha. Ameuza, amekula pesa, mbwa si wake tena. Kati yetu wako ambao wazazi wao waliuza mbuzi au baiskeli kusudi wao waingie darasani. Hawa hawahitaji kufasiriwa uso wa yule baba. Halafu Lassie anapelekwa mbali Scotland, anatoroka tena. Njiani wazee wawili maskini wanamponya, wanampenda, wangetaka abaki. Wanaona anahangaika, ana safari yake, wanamfungulia mlango. Linganisha na maskini wa 1905!

Wako watakaotupinga kwamba mwisho ni rahisi mno: mtawala anamkana mbwa kusudi abaki kwa Joe, kisha anampa baba kazi. Ni kweli. Tungependa kazi ile itoke mahali pengine, si katika huruma ya tajiri mmoja, kwani jirani zake Joe waliokosa kazi hawana mbwa wa kuwatafutia. Hata hivyo filme imethubutu kuonyesha njaa ndani ya nyumba ya watu wenye heshima, na imeonyesha bila kucheka.

Wenye kumtetea Rin Tin Tin walete majibu yao kwa maandishi. Yasipite ukurasa mmoja, juu stensili ni haba.