Jiometri Haisubiri Chumba cha Kompyuta

Ukitaka kujua kwa nini jiometri inawashinda wanafunzi wengi wa sekondari, tazama ubao. Mwalimu amechora duara kwa kamba na chaki, akapitisha kipenyo AB, akaweka nukta C kwenye mzingo, akaunganisha. Kisha anatamka: pembe iliyoko C ni nyuzi 90. Darasa linaandika. Lakini kilichoko ubaoni ni pembetatu moja tu, tena imekaa upande kidogo kwa kuwa kamba ililegea. Kwamba jambo hilo ni kweli popote C itakapokaa, mwanafunzi analipokea kama amri.

Hapo ndipo kompyuta inapofaa. Katika programu kama GeoGebra, mwalimu huchora duara lile lile, akaigusa C kwa kidole na kuiburuta kwenye mzingo. Pembetatu inanyanyuka, inalala, inakuwa nyembamba kama kijiti. Namba iliyoandikwa penye pembe haibanduki kwenye 90. Akiitoa C nje ya duara, pembe inapungua. Akiiingiza ndani, inazidi. Dakika tano hizo zinafanya kazi ambayo chaki haiwezi, maana chaki haichori mwendo.

Programu yenyewe haina gharama kwa shule. Ilianzia Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, mwaka 2001, kama kazi ya shahada ya uzamili ya Markus Hohenwarter, na ikishapakuliwa haidai intaneti. Simu nyingi za mkononi zinaimudu. Hapa Tanzania hata kisingizio cha vifaa kimepungua nguvu: vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu. Mwalimu wa hisabati anakitumia chake kufanya nini darasani? Tunauliza kwa sababu tunahofia jibu ni kupokea matangazo ya vikao.

Hatukubaliani, basi, na wanaosema jiometri ya namna hii isubiri hadi kila shule iwe na chumba cha kompyuta. Vyumba hivyo tunavijua. Mlango una kufuli, ufunguo uko ofisini, mashine zimefunikwa vitambaa, na mwalimu wa hisabati hajawahi kupangiwa kipindi humo. Darasa la wanafunzi 80 linaweza kuanza na projekta moja na kishikwambi kimoja. Pasipo projekta, kishikwambi kipite kwenye makundi huku wengine wakiendelea na zoezi la daftari. Ni taabu, ndiyo, lakini ni taabu yenye faida.

Mwanafunzi naye apewe kifaa akishike, asiwe mtazamaji tu. Mwambie achore mraba. Wengi watapanga nukta nne kwa jicho mpaka umbo lipendeze, na kwenye karatasi mwalimu angeweka alama ya vema. Sasa mwambie aburute kona moja. Mraba unasambaratika na kuwa pembenne isiyo na jina, na darasa linacheka. Aliyeujenga kwa mistari ya wima na duara za kuhamishia urefu akiburuta kona, umbo linakua, linapungua, linazunguka, na linabaki mraba. Hakuna haja ya kumhubiria tofauti ya kuchora na kujenga. Ameiona mwenyewe, na pengine imemuudhi.

Tunaonya jambo moja. Namba 90 kwenye kioo si uthibitisho. Kompyuta imepima na kukadiria tarakimu, basi. Tukiishia kwenye kuburuta tutapata vijana wanaoamini kioo kama wenzao walivyoamini ubao. Kila zoezi lifuatwe na swali la kwa nini, na hapo kalamu irudi mkononi. Unganisha kitovu O na C. OA, OB na OC zote ni nusu kipenyo, kwa hiyo zimepatikana pembetatu mbili, kila moja ikiwa na pande mbili sawa. Pembe ya A inalingana na kipande kimoja cha pembe ya C, na pembe ya B inalingana na kipande cha pili. Basi C peke yake ni sawa na A na B zikijumlishwa, na zote tatu ni nyuzi 180. Nusu yake ni 90. Mistari michache ya daftari, na mwanafunzi aliyekwisha kuiona C ikitembea ana hamu ya kuiandika.

Ipo pia mada ya Dunia kama tufe, ambayo ubao bapa umeionea kwa miaka mingi. Zungusha tufe kwa kidole, na anayeangalia ataona mwenyewe kwamba duara la latitudo ya nyuzi 60 ni nusu ya Ikweta.

Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2023, ni takriban robo tu ya watahiniwa waliofaulu Hisabati. Hatudai kishikwambi kitaigeuza hali hiyo. Upungufu wa walimu na msongamano madarasani havifutwi na programu. Tunachodai ni kidogo na kinawezekana muhula huu. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, tayari unawataka walimu wakutane shuleni kwao kufundishana. Walimu wa hisabati wautumie mkutano mmoja kwa duara, mwingine kwa mraba, wa tatu kwa tufe, vishikwambi vikiwa mezani na vimechajiwa. Halmashauri yenye bajeti ya TEHAMA inunue projekta kwanza, na mkuu wa shule aikabidhi idara ya hisabati, isifungiwe kabatini.