Dawa Kabla ya Kisu: Upendo Unaojua Wakati Wake

Katika parokia zetu za Njombe na Makambako ni desturi njema kumtembelea mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji. Hatuendi mikono mitupu: twapeleka uji, matunda na sala. Lakini wapo ndugu ambao hupitia pia duka la dawa, wakanunua antibayotiki ambazo daktari hakuziagiza, ili kidonda kisioze. Upendo huo ni wa kweli. Njia yake ndiyo yahitaji kutafakariwa.

Dawa ya kuzuia maambukizi ya kidonda hufanya kazi kwa kutangulia. Kisu kinapopasua ngozi, yapasa iwe imekwisha kuenea mwilini, ili vijidudu vinavyoingia viikute ikivisubiri. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 waelekeza kwamba, kwa upasuaji unaoihitaji, itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua, na isiendelezwe kwa lengo la kuzuia tu baada ya upasuaji kumalizika.

Hatari yenyewe si ndogo. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia wagonjwa 250 wa upasuaji mkubwa. Asilimia 26 walipata maambukizi ya kidonda. Huko Thika, nchini Kenya, hospitali iliyozoea kutoa dawa baada ya upasuaji iliamua kuitoa kabla. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha kwamba maambukizi ya juu ya kidonda yalipungua, na gharama pia.

Vidonge vya ziada, basi, haviongezi ulinzi; huvipa vijidudu nafasi ya kuizoea dawa. Mwaka 2019 usugu huo ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu wapatao milioni 1.27 duniani. Dawa tunayoitumia ovyo leo yaweza kukosa nguvu kesho, jirani yetu atakapolazwa kujifungua kwa upasuaji.

Mama Kanisa hutufundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu, nasi twapaswa kuzitunza kwa busara, tukizingatia mahitaji ya wengine na manufaa ya wote. Kwa hiyo, kabla ya upasuaji tumwulize mhudumu kwa heshima: je, mgonjwa wetu anahitaji dawa ya kuzuia maambukizi, na atapewa saa ngapi? Tunapomtembelea, tunawe mikono, wala tusiguse bendeji. Akipata homa, au kidonda kikitoa usaha, arudishwe hospitali bila kuchelewa. Na pale daktari anapoagiza dozi kwa sababu maambukizi yamekwisha kuingia, mgonjwa aimeze kama alivyoelekezwa.

Tuendelee kupeleka uji na sala. Dawa tumwachie aliyesomea kuipima.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee.