Raifo ipo, risasi yake je?

Wadau, leo naomba tuzungumze jambo ambalo mtu wa mjini anaweza kuliona la ajabu, lakini kule Mbulu na Hanang linagusa mifugo, mashamba na roho za watu. Nazungumzia uhaba wa risasi za raifo zisizo na soko.

Mkazi wa Dongobesh, Haydom, Basotu au Katesh hahitaji mwandishi wa habari amweleze fisi ni nani. Anamjua. Anamjua na nguruwe pori anayelala kwenye mahindi, na chui akishazoea zizi. Ndiyo maana wapo wananchi wanaomiliki bunduki kihalali. Wengine wana gobore, wengine shotigani. Wachache wana raifo, na baadhi ya raifo hizo ni za urithi, zimetoka kwa babu zikaja kwa baba.

Raifo za zamani zina historia yake. Mwaka 1905 Mjerumani Otto Bock wa Berlin alibuni risasi ya 9.3x62, ikapendwa sana na walowezi wa Kijerumani barani Afrika. Waingereza wakaja na .303 ya jeshi lao, na .404 ya Jeffery ambayo idara za wanyamapori, ikiwemo ya Tanganyika, ziliitumia kwa miaka mingi. Tegemeo la risasi za Kiingereza lilikuwa kampuni ya Kynoch. Kati ya miaka ya 1960 na 1970 Kynoch ikaachana na zile kubwa za uwindaji, na raifo nyingi nzuri zikageuka fito za chuma. Soko likaenda kwa .375 ya mwaka 1912, .458 ya mwaka 1956 na .30-06.

Ni kweli, 9.3x62 na .404 zinatengenezwa hadi leo huko nje. Lakini mwenye duka anaagiza kinachotoka haraka. Mwenye .375 au .30-06 anaweza kuchagua. Mwenye kaliba ya nadra anachukua kilichopo, na mara nyingi kilichopo ni aina moja tu.

Utauliza, kwani risasi si risasi tu? Hapana ndugu yangu. Kuna risasi ya kichwa laini na ya kichwa kigumu. Ile laini hufunguka ikiingia mwilini, ikaishia humo humo. Hiyo ndiyo ya fisi, chui au nguruwe pori. Ile ngumu haifunguki, hupenya moja kwa moja hadi ndani, na hutumika kwa wanyama wa mifupa mizito kama tembo na kiboko. Ukimpiga chui kwa risasi ngumu, unaweza kumtoboa tundu jembamba akaondoka nalo. Nayo risasi haijamaliza safari yake, na huko inakoelekea kuna boma la jirani. Ukimpiga nyati kwa ile laini, inaweza kupasukia begani kabla haijafika panapotakiwa. Kote kuwili unaacha mnyama aliyejeruhiwa kichakani, na kesho yake anayekutana naye si mwenye raifo. Ni mtoto anayechunga ng'ombe.

Wapo wanaofikiri kutumia risasi inayofanana. Hatari tupu! Chukua raifo za Kijerumani za milimita 8. Za zamani zina mtutu mwembamba kidogo kuliko zilizofuata, tofauti yake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Lakini kulazimisha risasi pana kwenye mtutu mwembamba kunaweza kupasua bunduki usoni mwa mpigaji. Ulaya na Marekani mwindaji wa kaliba ya nadra hununua maganda, baruti na vichwa, akajiundia risasi zake nyumbani. Hapa kwetu ukifanya hivyo bila kibali unajitafutia jela.

Kinachonishangaza ni kwamba hapo hapo Mbulu, bonde la Yaeda, wapo watu waliolimaliza tatizo hili zamani sana. Mhadzabe ana mshale wa mti mtupu kwa ndege na wanyama wadogo, ana wenye ncha ya chuma, na ana wenye sumu ya mmea wa panjube kwa mnyama mkubwa. Anachagua kulingana na anachokiona mbele yake. Mwenye raifo ya kizungu hana uchaguzi huo. Nani kaendelea hapo?

Sasa tufanye nini? Kwanza, anayeomba leseni aambiwe mapema: raifo ya bei poa ambayo risasi zake hazipatikani ni ghali. Kabla hujanunua bunduki, uliza dukani risasi za aina ngapi zipo. Pili, mwaka 2022 serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha silaha walizomiliki kinyume cha sheria. Ni jambo jema. Basi na huyu mwenye leseni safi na raifo ya babu awekewe njia nyepesi ya kuisalimisha na kubadilisha leseni yake apate yenye kaliba ya kawaida, bila kuanza upya kama mwombaji mgeni. Tatu, askari wa wanyamapori wa wilaya wapewe silaha za kaliba zenye soko, na aina zote mbili za risasi, ili mwananchi asilazimike kujifanya askari.

Najua watakaosema ninataka bunduki ziongezeke mitaani. Sitaki. Ninachosema ni moja kwa moja: inatoka moja, inaingia moja. Idadi inabaki ile ile, kinachopungua ni wanyama waliojeruhiwa na kutelekezwa.

Leseni inaonyesha kwamba mtu ana haki ya kuwa na bunduki. Haionyeshi kwamba usiku fisi akiingia zizini, mtu huyo ana risasi inayostahili. Kwa mtoto anayechunga asubuhi inayofuata, hilo la pili ndilo lenye maana.

Naomba kutoa hoja.