Gemu za kitambo zimerudi mjini, swali ni nani anazimiliki

Ukichungulia maduka ya mtandaoni siku hizi, ama upitie vibanda vya elektroniki pale Luthuli Avenue, si ajabu ukutane na kale kadude. Kanatoshea mfukoni, kana skrini ya inchi tatu hivi, kanafanana na Game Boy ya miaka ya tisini, na muuzaji anakuapia kwamba ndani kuna gemu elfu kumi. Contra iko. Super Mario iko. Tekken 3 iko. Unalipa mara moja, basi.

Mzazi ataona toy. Mimi naona habari kubwa kuliko hiyo, kwa sababu ndani ya kale kadude kuna mvutano wa watu watatu: kampuni iliyotengeneza gemu, programa aliyeandika programu ya kuichezesha bila kulipwa, na muuzaji anayeuza kazi ya wote wawili bila kumuuliza yeyote. Mnunuzi, yaani mimi na wewe, tuko katikati na wengi wetu hatujui tunasimama wapi kisheria.

Tuanze na mashine yenyewe. Hiyo si toy, ni kompyuta. Chukua Miyoo Mini, mojawapo ya zile zilizopata umaarufu sana. Ina chipu ya ARM, RAM ya MB 128, na inaendeshwa na Linux, mfumo huria ambao pia unaendesha seva nyingi za intaneti duniani. PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japan Desemba 1994, ilikuwa na RAM kuu ya MB 2 pekee. Piga hesabu: kifaa cha mfukoni kina kumbukumbu mara 64 ya ile mashine tuliyokuwa tukipangia foleni mtaani.

Kinachofanya kazi humo ndani kinaitwa emuleta. Ifikirie kama mkalimani. Gemu iliandikwa kwa lugha ya mashine ambayo haitengenezwi tena. Emuleta inasikiliza kila amri na kuitafsiri papo hapo kwa lugha ya chipu mpya. Ndiyo maana kifaa kipya lazima kiwe na nguvu kupita cha zamani: mkalimani akilemewa, gemu inakwama na sauti inakatika.

Wazungu na Wakorea walianza mchezo huu kitambo. GP2X, kifaa cha Korea Kusini kinachotumia Linux, ilitoka 2005. Pandora, kompyuta ya mkononi yenye kibodi iliyobuniwa na wapenzi wa programu huria wenyewe, ilianza kufikia wateja 2010. Steam Deck ikafuata 2022. Sisi huku hatukupitia njia hiyo. Sisi tulipitia simu. PPSSPP, emuleta ya PSP iliyotoka 2012, ndiyo iliwafanya vijana wengi wa Kangemi na Kawangware kucheza gemu za PSP bila kuwahi kuishika PSP yenyewe.

Kwa nini basi watu wanarudi kwa gemu za kitambo wakati simu imejaa gemu mpya za bure? Bei ni sababu moja, lakini si yote. Gemu ya bure ya simu inakula bando, inakuwekea tangazo kila dakika mbili, halafu inakuomba ununue silaha kwa M-Pesa. Gemu ya 1998 haikuombi kitu. Hata stima zikipotea Uthiru usiku kucha, ama bando iishe ukiwa kwa jam ya Waiyaki Way, inacheza tu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kampuni zenyewe zimeacha kuuza gemu hizi. Machi 27, 2023, Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la 3DS na Wii U. Gemu nyingi za humo hazinunuliki tena kihalali isipokuwa upate mtumba. Julai mwaka huohuo, shirika la Video Game History Foundation lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Yaani hata ukiwa na doo na roho safi, hakuna wa kumlipa.

Sasa twende kwa sheria, maana hapo ndipo watu huchanganya mambo mawili. Emuleta ni kitu kimoja, faili ya gemu ni kitu kingine. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliipa ushindi kampuni ya Connectix dhidi ya Sony, kwa msingi kwamba kuchunguza mashine ili uandike emuleta yako si wizi. Hata Apple ilifungua mlango wa emuleta kwenye App Store Aprili 2024. Lakini mwezi mmoja kabla ya hapo, waliotengeneza Yuzu, emuleta ya Nintendo Switch, walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 na kufunga kazi. Tofauti ni nini? Switch bado ilikuwa sokoni, na Nintendo ililalamika kwamba Yuzu inategemea kuvunja kufuli zinazolinda gemu zake.

Hapa kwetu, ukisoma Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hutakutana na neno emuleta. Lakini sheria hiyo inamruhusu mtu aliye na programu kihalali kujitengenezea nakala ya akiba. Kwa hivyo kama una CD yako halali ya Tekken 3 kwa kabati, nakala yake ya kujihifadhia ina mahali pa kusimamia. Ile memori kadi ya gemu elfu kumi haina. Sheria hiyohiyo inakataza kuuza nakala bila idhini na inakataza kuvunja kufuli za kiteknolojia. Na haisemi kwamba gemu ikiacha kuuzwa inakuwa ya umma.

Usidhani ni mambo ya vitabuni. Mwaka 2025 polisi wa fedha nchini Italia walivamia nyumba ya mwanayutubu aliyekuwa akifanyia rivyu vifaa hivi na kuvichukua. Hakuwa na kiwanda wala kontena, alikuwa na chaneli tu. Sasa mfikirie kijana wa hapa mjini anayeagiza vifaa kumi kutoka China, anavipiga picha na kuviuza kupitia TikTok, kadi zikiwa zimejaa. Kesi ikija, atakayeitwa kwanza ni yeye, si kiwanda cha Shenzhen.

Na kabla hata ya kuitwa, serikali imeshakula yake. Tuseme kifaa kimoja kinafika kwa thamani ya Sh6,000. VAT ya asilimia 16 ni Sh960. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, ni Sh150. Ushuru wa reli, asilimia 2, ni Sh120. Hiyo ni Sh1,230, na bado hatujagusa ushuru wa forodha. Ni kejeli kidogo: serikali inatoza kodi bidhaa ambayo nusu ya thamani yake ni gemu zisizo halali, na hakuna anayemwambia muagizaji mapema afanye nini ili awe salama.

Lakini wanaoumia si kampuni za Japan pekee. Emuleta nyingi zimeandikwa na watu wanaojitolea usiku baada ya kazi. Snes9x, kwa mfano, inapatikana bure, lakini leseni yake inakataza kuitumia kibiashara bila ruhusa. Zingine ziko chini ya leseni ya GPL, inayosema ukisambaza programu lazima utoe na msimbo wake. Baadhi ya viwanda vinabeba kazi hizo, vinaziweka kwa kifaa na kuuza, msimbo hautolewi. Neno "huria" halimaanishi "ya kuokota". Mkenya yeyote anayejua River Road anaelewa hadithi hii: wasanii wa Riverwood walitengeneza filamu, na nakala za bandia zikauzwa hatua chache kutoka walipozitengenezea.

Hapo ndipo nakataa hoja ya "sisi ni maskini, wacha tucheze". Tukizoea kwamba gemu ni kitu kinachokuja bure kwa kadi, tunawaua wetu. Mwaka 2015 Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, gemu ya kupiga risasi iliyowekwa katika jiji hili letu. Watengenezaji kama yeye wanahitaji soko ambalo limezoea kulipa. Vilevile wanahitaji mahali ambapo kazi yao itahifadhiwa simu za leo zikishakuwa vyuma chakavu.

Nikiulizwa, mambo mawili yangefanyika kesho. La kwanza, Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, itoe mwongozo wa kurasa mbili kwa lugha rahisi: emuleta ni nini, nakala ya akiba inaishia wapi, na muuzaji anaruhusiwa kuweka nini kwa kadi. La pili, maktaba ziruhusiwe kuhifadhi gemu. Tuna Sheria ya Vitabu na Magazeti inayowataka wachapishaji kuwasilisha nakala za kazi zao. Gemu hazimo. Maktaba ya McMillan pale Banda Street, iliyojengwa 1931, ingeweza kuwa na chumba kimoja chenye konsoli, emuleta na gemu za Kenya, kijana wa Kawangware aingie na aone tulikotoka. Hiyo haihitaji mabilioni, inahitaji kifungu kimoja cha sheria.

Kwa sasa, kama unataka kununua, nunua kifaa bila kadi, ama futa iliyokuja nayo na uweke yako. Kadi za kiwandani mara nyingi ni za bei ya chini na hufa haraka. Weka mfumo huria kama OnionOS ikiwa una Miyoo. Kisha tafuta gemu mpya zinazoandikwa na watu wa leo kwa mashine za zamani. Ziko nyingi, zingine wenyewe wamezitoa bure, na unazicheza bila wasiwasi.

Halafu ukishachoka kucheza, fungua upande wa Linux uone kinachoendelea. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na amri za Linux ninazotumia kula nazo leo sikuzipata darasani. Nilizipata nikitafuta kwa nini gemu inakwama. Kifaa cha kucheza kinachokuruhusu kukifungua na kukitengeneza ni darasa la bei nafuu kuliko mengi yanayotangazwa katikati ya jiji. Ingekuwa aibu tukiliacha lifungwe kwa sababu tu hakuna aliyetuambia mpaka uko wapi.