Mikono ya Mama Mkwe



Juma hili nawaletea habari ya mama mkwe wangu. Yeye mwenyewe ameniruhusu. Kwa miaka mitatu, kila asubuhi vidole vyake vilikuwa vigumu kama kuni. Hakuweza kukamata jembe wala kufunga kitambaa kichwani mpaka jua lipande. Sisi tulisema ni uzee na baridi ya milima yetu. Kumbe, docta wa Goma alituambia, ni ugonjwa wa baridi yabisi, ule ambao kinga ya mwili inageuka kushambulia viungo vya mwenyewe. Unashika wanawake mara mbili au tatu kuliko wanaume, hata mama kijana.

Kabla ya dawa walimpima mafuta ya damu, yaani kolesteroli. Ilikuwa chini, tukafurahi. Akaanza metotreksate. Baada ya miezi sita mikono ilifunguka, lakini kolesteroli ilikuwa imepanda. Akaniita: "Mwanangu, hii dawa itaniharibia moyo. Naitupa."

Nilikosa jibu, tukarudi kwa docta. Akatueleza hivi: ugonjwa ukiwaka mwilini, moto wake unashusha kolesteroli, kwa hiyo kipimo kinaonekana kizuri. Lakini moto uleule unaharibu mishipa ya moyo. Ndiyo maana hatari ya moyo kwa wagonjwa hawa ni karibu mara moja na nusu ya watu wengine. Dawa ikizima moto, kolesteroli inarudi pale ilipokuwa zamani, na mishipa inapumzika. Basi asiache dawa. Apimwe tena, pamoja na tansio na sukari.

Kilichomshitua docta ni vidonge vingine vidogo, vilivyofungwa kwenye pindo la kitenge: deksametazoni ya sokoni. Vinaondoa maumivu siku ileile, uso unanenepa, na watu wanakusifu (sisi na unene!). Vikinywewa muda mrefu vinapandisha tansio, sukari na mafuta ya damu. Lakini aliyevizoea asiviache ghafla, anaweza kuanguka. Docta ndiye anayevipunguza polepole. Diklofenaki ya kila siku nayo inaumiza figo na moyo.

Metotreksate ina sheria zake. Ni mara moja kwa juma. Kuinywa kila siku kunaweza kuua. Mwenye mimba au anayetafuta mimba asiiguse. Kasiksi pia aiache, kwa ajili ya ini.

Kwa chakula, tumepunguza mawese kwenye sombe, maana karibu nusu yake ni mafuta yale yanayopandisha kolesteroli. Juu ya fromaji yetu ya Masisi tuligombana. Ina mafuta na chumvi, lakini utamwambiaje mtu aliyezaliwa kando ya ng'ombe? Tumepatana kipande kimoja, siku ya Mungu.

Sasa anajifungia kitambaa mwenyewe. Mwezi ujao anapimwa tena. Barabara ikiwa wazi, tutateremka Goma pamoja.