MOTOKAA NA MWENYEWE: Tone Chini ya Motokaa

Wako watu wengi katika Kenya ambao hata leo wanazitunza motokaa za zamani walizoachiwa na baba zao, na Morris Minor ni mojawapo ya zile zinazopendwa sana. Motokaa hii ilibuniwa na Alec Issigonis, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1948, na mpaka ilipoachwa kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa zimetoka zaidi ya 1,600,000. Ni gari dogo, gumu, lisilo na mambo mengi. Lakini lina desturi moja inayowasumbua wenyewe, nayo ni kudondosha. Na kwa kuwa kila mtu husema, "Hizi za zamani zote huvuja," wengi hulizoea lile doa la asubuhi wasiulize ni la kitu gani. Hapo ndipo hatari ilipo.

Karani mmoja mstaafu wa upande wa Limuru alikuwa na motokaa ya namna hiyo. Kila asubuhi aliona doa chini yake, lisilozidi ukubwa wa kisahani. Naye alikuwa amekusudia Jumapili kumpeleka mkewe Naivasha kwa ubatizo wa mjukuu wao, kwa ile barabara ya Mai Mahiu inayoteremka Bonde la Ufa, iliyojengwa na mateka wa Kiitaliani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jirani alimwambia, "Hiyo ni oili ya injini, Mzee. Ongeza tu." Fundi akasema ni giaboksi, na kwamba hapana budi injini itolewe. Mzee aliwasikiliza wote wawili, akatambua kwamba hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama.

Basi akafanya kama ilivyompasa karani: akatafuta ushahidi. Kwanza aliosha chini ya motokaa na kuipangusa mpaka ikakauka, maana penye uchafu wa miaka mingi kila mahali huonekana pamevuja. Kisha akaisimamisha penye usawa, akatandika kadibodi safi chini yake, akatia alama mahali pa magurudumu manne, akaiacha usiku kucha. Ni vema kufanya hivyo motokaa ikiwa imesimama, kwani ikienda upepo husukuma oili nyuma, na tone huanguka mbali na lilikotoka. Hata ikisimama, tone hufuata chuma mpaka mahali pa chini kabisa. Kwa hiyo anayetafuta mvujo na aanze penye tone, kisha apande juu na kwenda mbele.

Asubuhi kadibodi ilikuwa na madoa mawili, wala si moja. La kwanza lilikuwa katikati, mahali injini inapoungana na giaboksi, nalo lilikuwa jeusi. Katika Morris Minor giaboksi hutumia oili ya namna moja na ya injini, hivyo harufu haisaidii kuzitenga. Lakini ya injini huwa nyeusi upesi kwa masizi, na ya giaboksi hukaa safi zaidi. Tena injini hii haina mpira wa kuzuia oili kwa upande wa nyuma. Ina mfuo uliochongwa kama parafujo, ambao huirudisha oili ndani injini inapozunguka. Ikisimama, matone machache hupita, na waliotengeneza gari waliacha tundu chini ili yatoke. Doa hilo, likiwa dogo, si ugonjwa. Litazamwe tu, na oili ipimwe kila juma.

Doa la pili lilikuwa upande wa kulia, chini ya miguu ya dereva. Lilikuwa dogo kuliko la kwanza, rangi yake kama chai ya rangi iliyopoa, jepesi na lenye kuteleza kati ya vidole. Haikuwa petroli, kwani petroli hutambulika kwa harufu na hukauka upesi. Nayo ikipatikana, moto wa namna yoyote usisogezwe karibu. Haikuwa maji ya rejeta, ambayo yakitiwa dawa ya kuzuia kutu mara nyingi huwa ya kijani na yenye harufu tamu, nayo ni sumu kwa watoto na mbwa. Wala haikuwa oili ya difu, ambayo ni nzito na hunuka kama kiberiti.

Mzee alichukua tone moja akalitia katika kikombe cha maji. Oili ingalielea juu. Tone hili lilichanganyika na maji likapotea. Mafuta ya breki ya kawaida, yasiyo ya silikoni, hufanya hivyo.

Ndipo alipoinua zulia la dereva, akafungua kifuniko kidogo kilicho sakafuni. Katika motokaa nyingi masta silinda, yaani ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, huwekwa penye injini ambapo huonekana. Katika Morris Minor imefichwa chini ya sakafu, ndani ya boriti ya chuma, na mwenye kufungua boneti tu hataiona kamwe. Alipotazama ndani, mafuta yalikuwa yamepungua sana. Akakanyaga breki kwa nguvu akahesabu hadi sitini: pedali ikazama polepole chini ya mguu wake.

Jambo la kukumbuka ni kwamba motokaa hii ina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Mafuta yakiisha, breki zote za mguu huisha pamoja, na kinachobaki ni breki ya mkono, inayoshika magurudumu ya nyuma tu kwa kamba ya waya. Katika uwanja wa nyumba hilo ni usumbufu. Katika mteremko wa Mai Mahiu, penye malori mbele na korongo kando, ni kifo.

Jumapili ile Mzee na mkewe walikwenda ubatizoni kwa matatu. Juma lililofuata fundi mwingine aliifungua masta silinda, kazi ya subira kwani fito ya springi huzuia bolti zake. Alitia mipira mipya, akaisafisha kwa mafuta ya breki yenyewe wala si kwa petroli au mafuta ya taa, ambayo huharibu mipira, akatoa hewa yote, na kukagua kila gurudumu kwa ndani kama lina unyevu. Injini haikuguswa.

Doa jeusi lililo kubwa halikuwa na neno. Lile dogo ndilo lililotaka kuua. Kuongeza mafuta bila kujua yanakokwenda si matengenezo, ni kuahirisha hatari. Mwenye motokaa ya zamani na atandike kadibodi usiku mmoja kabla ya kila safari ndefu, na asubuhi aisome kama asomavyo barua. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende.