Jamani, huo si utani

Hivi nani alitudanganya kwamba Tanzania hatuna ukabila? Simama nje ya shule yoyote ya msingi hapa Arusha, Sanawari, Kijenge, Unga Limited, popote pale, wazazi wanapokuja kuchukua watoto. Utasikia tu. "Usiposoma utakuwa mlinzi kama Mmasai." "Mpare huyo, hata soda hakununulii." "Mchaga usimwachie hela." "Waarusha wakorofi, usikae nao dawati moja." Mama anacheka, mtoto anacheka. Kesho yake mtoto anayapeleka darasani, na huko aliyekaa pembeni yake hacheki.

Ukiwauliza, jibu wanalo tayari: aah, utani tu huo bwana!

Mimi utani nauheshimu, ndiyo maana nakasirika. Utani una kanuni. Mchaga na Mpare wanatupiana maneno makali tangu enzi za mababu, lakini kila mmoja ana haki ya kurudisha. Na kwa makabila mengi mtani ana kazi zake msibani, pamoja na kuwachekesha wafiwa. Sasa chukua mtoto wa Kimasai wa darasa la tatu, familia imehamia mjini kutoka Longido, masikio yametogwa, Kiswahili bado kinamkwama. Darasa zima linamwita mlinzi. Arudishe nini, na kwa lugha gani? Huo ni uonevu, na maneno yake yametungwa nyumbani na watu wazima. (Halafu mlinzi ana kosa gani? Si yeye anayekesha nje kwenye baridi ya Julai ili wewe ukoromee ndani?)

Na ujinga uliomo! Mtu ameishi chini ya Mlima Meru miaka ishirini, hajui kwamba Mwarusha anayemwita "Mmasai wa ng'ombe" ni mkulima wa migomba na mahindi, ila lugha yake ndiyo Kimasai. Watoto wa Kibarbaig wanaitwa Mang'ati, neno lililotoka kwenye Kimasai, maana yake adui. Tunamwita mtoto adui tukidhani tunataja kabila lake! Halafu ikifika Aprili 12 watu hao hao wanamlilia Sokoine, Mmasai wa Monduli, Waziri Mkuu mara mbili. Redio ikizimwa, wanarudi kwa "mlinzi" wao.

Wengine wanakwenda mbali zaidi. Nimemsikia mzazi akieleza kwa nini amemhamishia mwanawe shule ya mchepuo wa Kiingereza. Nilidhani atazungumzia masomo. Akasema ile ya kwanza "imejaa Wamasai". Ada yote hiyo, wadau, ili mtoto asikae na mtoto mwenzake!

Tusijidanganye kwamba umoja wetu ulishuka kama mvua. Ulitengenezwa, na shule zilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Sensa ya mwisho kuuliza watu kabila ilikuwa ya 1967. Serikali ilizichukua shule za misheni, ikawapangia wanafunzi wa sekondari mabweni ya mikoa ya mbali, Mmeru akalala kitanda cha juu, Mngoni cha chini. Mwaka 2004 mchumi wa Marekani, Edward Miguel, alichapisha utafiti akilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya kwetu. Busia, penye mchanganyiko mkubwa wa makabila shule zilipata fedha kidogo. Meatu, mchanganyiko haukupunguza kitu. Yaani wazazi wa Meatu waliweza kuchangia dawati bila kuuliza atakalia mtoto wa kabila gani.

Leo mabweni ya mbali ni ya wachache. Tangu shule za kata zilipotapakaa kuanzia mwaka 2006, watoto wengi wanasoma sekondari karibu na kwao. Ni jambo jema kwa kweli, mzigo wa nauli umepungua. Lakini kijana wa kata ya Leguruki anaweza kufika kidato cha nne bila kulala chumba kimoja na mtu wa kabila lingine. Anachojua juu ya Mgogo au Mbarbaig ni kile alichosikia mezani kwa baba yake.

Vikao vya wazazi vipo. Tunabishana saa tatu kuhusu uji, michango na choo cha walimu. Walimu wakuu, liwekeni na hili kwenye ajenda, tena liwe la kwanza, kabla watu hawajaanza kuaga kwamba wanawahi gulio la Tengeru.